Dhahabu Haiulizi Nani Kasali

Bunia ni mji wa dhahabu na maombi, na swali la Zaburi ya 73 halijazeeka hapa: mbona wasiomjali Mungu ndio wanaonawiri? Majibu ya haraka yameshawaponza wengi.

Mnunuzi mdogo wa dhahabu mjini Bunia hahitaji ofisi kubwa. Meza, taa kali, sumaku ya kunyonya mchanga mweusi wa chuma, chupa ya asidi na mizani vinamtosha. Wenye mtaji wana mizani ya betri. Kule machimboni ingalipo ile ya kuning'iniza mkononi, na mawe yake ni sarafu za zamani na njiti za kiberiti. Njiti inawekwa sahani ya huku, vumbi la njano sahani ya kule, na mchimbaji aliyeshinda shimoni wiki nzima anakodoa macho kuona mkono wa mizani utainamia wapi.

Mezani hapo hakuna anayeulizwa anasali wapi. Shemasi na mlevi hupimiwa kwa njiti ile ile. Bei nayo haitoki Bunia. Hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, na mwaka 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza katika historia. Haikupanda kwa sababu mchimbaji wa Mongbwalu alifunga na kuomba, wala kwa sababu jirani yake alikwenda kwa mganga. Ilipanda kwa sababu benki kuu na wenye mali wa nchi za mbali waliingiwa na hofu ya vita na ya thamani ya fedha zao, wakakimbilia dhahabu. Hofu ya mtu wa New York humjengea mtu wa Bunia nyumba ya etaje, na huenda mwenye nyumba hajakanyaga kanisani tangu alipobatizwa.

Maumivu huanzia hapo. Mwalimu wa shule ya kanisa, anayeshika chaki wiki nzima na kuongoza kwaya Jumapili, hupita mbele ya nyumba hiyo kwa miguu. Watoto wa mwenye nyumba wanasoma Kampala. Watoto wa mwalimu wamerudishwa nyumbani, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inaishia shule ya msingi na minervali ya sekondari haijalipwa. Mwalimu hamtukani mtu, haibi, na kanisani huonekana ametulia. Lakini usiku ukiingia hujiuliza kimya kimya: miaka yote hii ya kujizuia imenipa nini?

Swali hilo halimvunjii Mungu heshima. Limo ndani ya Biblia yenyewe, kwa Yeremia, kwa Ayubu na kwa Asafu. Hatari iko katika majibu tunayolipatia, na Ituri, mkoa wa Bunia, ina sababu za kuyaogopa majibu hayo kuliko sehemu nyingine nyingi.

Majirani wa zaidi ya karne

Imani na mali hazikukutana Bunia juzi. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya, aliyetoka Buganda, alifika Boga, kusini mwa mkoa huu, mwaka 1896. Dhahabu ikagunduliwa Kilo mwaka 1903. Mwaka 1912 wamisionari wa Africa Inland Mission wakaingia Kongo kwa upande wa Mahagi, na kazi yao ndiyo iliyozaa jumuiya ya CECA 20. Dayosisi Katoliki ya Bunia ilipata hadhi kamili mwaka 1959. Chuo cha teolojia kilichokuwa kikiwalea wachungaji wa jumuiya mbalimbali za kiprotestanti kikawa Chuo Kikuu cha Shalom mwaka 2007. Muda wote huo machimbo ya Kilo na Moto yalikuwa yakibadilisha wenyewe: koloni, kampuni ya serikali, wanamgambo, wachimbaji wadogo, wawekezaji. Babu wa wengi wetu alibatizwa na ndugu zake wakichimba, na mara nyingine ni yeye huyo huyo.

Kwa hiyo tunapomsema asiyeamini, tumseme kwa haki. Mtu anayekana kabisa kuwa kuna Mungu ni vigumu kumpata Bunia. Tunayemsema ni yule tunayemwita mtu wa dunia: jina la ubatizo analo, lakini Jumapili yake ni ya bia na hesabu. Ni yule anayedaiwa kumwendea mganga kabla ya kufungua shimo. Ni mfanyakazi wa ofisini anayekula cha juu kwa kila karatasi. Mwislamu muuza vitambaa sokoni hayumo katika kundi hilo, maana yeye ana swala yake na hesabu yake mbele ya Mungu. Na yupo mtu ambaye hasali popote, ila anaamka saa kumi usiku, anawahi gari la samaki wa Kasenyi, anaandika kila deni kwenye daftari na analipa vibarua wake Jumamosi jioni bila kukata hata faranga. Huyu naye amefanikiwa, na mafanikio yake hayana siri yoyote.

Tukiwachanganya wote hawa katika kapu moja la waovu wanaonawiri, tumeshaanza kusema uongo, na uongo huo unatuliwaza: unatuambia kwamba hatukushindwa kazi, tulishindwa kwa sababu ya utakatifu wetu.

Asafu, mtu wa kwaya

Zaburi ya 73 inatajwa kuwa ya Asafu, mmoja wa viongozi wa waimbaji wa Israeli tangu zama za Daudi. Bunia, ambako kila kanisa lina kwaya mbili tatu na ratiba ya mazoezi, huyu ni mtu tunayemfahamu. Ni kiongozi wa kwaya aliyesimama mbele ya watu akiimba wema wa Mungu, huku moyoni akihesabu magari ya wengine.

Asafu anakiri waziwazi kwamba nusura ateleze, na sababu anaitaja: aliwaonea wivu wenye majivuno alipoona hali zao njema. Anaeleza afya yao, unene wao, midomo yao, jinsi msiba usivyowakuta kama unavyowakuta wengine. Hadai kwamba mali yao ni ndoto, wala hasemi wana huzuni ya siri. Macho yake hayakumdanganya. Kisha anasema jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: alijizuia kuyatangaza mawazo yake kwa kuwa angewasaliti watoto wa Mungu. Katikati ya uchungu wake aliwakumbuka wadogo wanaomtazama. Ndipo akaingia patakatifu, akafahamu.

Alifahamu nini? Hapo ndipo mahubiri mengi yanapopinda. Tunaambiwa alionyeshwa mwisho wao, basi nasi tukae kitako tusubiri. Atafilisika huyo. Watoto wake watakuwa walevi. Nyumba ile itauzwa. Mahubiri ya namna hiyo hushangiliwa sana, lakini tusidanganyane: anayengoja jirani aanguke bado anamwonea wivu, ila sasa anauombea. Tena hesabu yenyewe hairudi sawa. Waliotawala Ituri kwa bunduki na kuonja dhahabu yake hawakupata mwisho mmoja. Bosco Ntaganda alihukumiwa miaka 30 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2019. Thomas Lubanga alihukumiwa 14 mwaka 2012, akamaliza kifungo na kuachiwa mwaka 2020. Wengine waliofaidi hawajawahi kuitwa popote, wanasalimiwa kwa heshima njiani, na pengine watazikwa na umati mkubwa. Anayeiegemeza imani yake kwenye kuanguka kwa mwovu ameiweka rehani mikononi mwa mwovu huyo huyo.

Sehemu ya mwisho ya zaburi inamtaja tajiri kidogo sana. Asafu anarudi kuzungumza na Mungu aliyemshika mkono, na kusema kwamba huyo ndiye fungu lake. Hakutoka patakatifu na senti ya ziada, na jirani hakuwa amepoteza kitu. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa ameyaelekeza macho yake.

Mbegu na mavuno

Kwa nini basi swali hili linawauma Wakristo wa leo kuliko lilivyowauma wazazi wao? Sababu moja iko madhabahuni.

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Milango ya siasa ilipofunguka, na ile ya makanisa ilifunguka, na makanisa ya uamsho yakachipuka kila mtaa wakati uchumi wa Zaire ukiporomoka. Yalileta faraja ya kweli. Mtu ambaye serikali ilikuwa imemtupa aliitwa kwa jina, akawekewa mikono, akaambiwa kesho yake ipo. Mfanyakazi asiyelipwa miezi kadhaa alipata mahali pa kulia bila kuchekwa. Hilo si jambo la kubezwa.

Lakini pamoja na faraja likaja fundisho lililokuwa limekomaa Marekani kwa watu kama Oral Roberts na Kenneth Hagin: toa kama anayepanda mbegu, na Mungu atakurudishia mavuno ya fedha na afya. Siku hizi fundisho hilo limevuka mipaka ya makanisa ya uamsho. Utalikuta pia katika makanisa ya zamani, kwenye nyimbo, kwenye ushuhuda, kwenye namna sadaka inavyoitwa. Wenye noti za dola huitwa kwanza, waombewe wamesimama mbele. Kisha wenye faranga elfu kumi. Mama anayeuza mchicha hubaki na faranga zake mia tano akingoja watu wajae kwenye mstari ili asionekane.

Fundisho hili linamgonga maskini mara mbili. Kwanza ni maskini. Pili, umaskini wake umekuwa ushahidi kwamba imani yake ina kasoro. Halafu linambana pabaya zaidi. Ikiwa mali ni muhuri wa Mungu, yule asiyesali amegongewa muhuri na nani? Hapo muumini anabakiwa na njia mbili tu. Aseme Mungu amemdhulumu, au aseme mali ya yule imetoka kwa shetani. Wengi huchagua ya pili, kwa kuwa inawaachia Mungu wao.

"Ana nyoka nyumbani"

Masimulizi yake tunayajua. Fulani ana nyoka chumbani anayetapika dola. Fulani alimtoa mtoto wake kafara, ndiyo maana yule wa tatu alikufa ghafla. Fulani ameingia chama cha siri Kampala. Machimboni ndiyo usiseme: shimo likitema dhahabu, mwenye shimo, anayeitwa PDG na vijana wake, husemwa amelala makaburini, likikauka, husemwa amevunja mwiko. Kwamba wapo wanaowaendea waganga ni kweli. Lakini simulizi hizi hazingoji ushahidi. Hutangulia kumfikia kila aliyenunua gari.

Na kanisani husemwa kwa sauti ya kiroho: "Mama, yule mtu tumwombee. Mimi kuna kitu nilikiona." Aliyeanza kwa kutamani nyumba ya mwenzake amemaliza akiwa nabii. Hakuna aliyemwambia ana wivu, na mwenyewe hajui.

Ituri haina ruhusa ya kuliona jambo hili kuwa dogo. Juni 2001, katika eneo la Aru, kaskazini mwa Bunia, mamia ya watu waliuawa na wanakijiji wenzao kwa tuhuma za uchawi. Waliouawa hawakuwa matajiri wakubwa. Ila kinachomfanya mtu amwambie jirani yake "wewe ndiwe chanzo cha kukosa kwangu" ni kile kile, na kikishaota mizizi hakichagui tena wa kumla.

Wivu na haki

Mtu anaweza kusema: basi mnatuambia tunyamaze? Wenye nguvu wale, na maskini aambiwe asitamani? Hoja hii ni nzito, tena Ituri ni nzito maradufu.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilimwezesha mwenye elimu na mwenye kujuana na wakubwa kupata hati ya ardhi inayokaliwa na wengine, na hati hiyo isipopingwa ndani ya miaka miwili, ikawa haiguswi tena. Wanakijiji wengi waligundua wameuzwa pamoja na mashamba yao muda wa kupinga ukiwa umekwisha. Ugomvi wa namna hiyo ndio uliowasha moto katika eneo la Djugu mwaka 1999. Kufikia mwaka 2003 zaidi ya watu 50,000 walikuwa wameuawa mkoani, na Mongbwalu, mji wa dhahabu ulio kilomita 80 hivi kutoka Bunia, ulikuwa umepokonywa na kupokonywa tena na makundi yaliyotaka mashimo yake. Septemba 2002, katika hospitali ya kiinjili ya Nyankunde, wagonjwa waliuawa vitandani. Katika hospitali na katika mji ule waliouawa walizidi 1,000.

Wengi wa wauaji na wa wauawa walikuwa wamebatizwa. Wengi wao walikuwa wameimba nyimbo za kitabu kimoja.

Malalamiko ya ardhi yalikuwa na haki ndani yake. Amosi angeyasimamia, Yakobo pia, maana waraka wake unawakemea waziwazi matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Lakini mahali fulani malalamiko yaligeuka. Kutoka "turudishiwe shamba letu", yakawa "kwa nini wao wana ng'ombe, shule na maduka?", kisha yakawa "wasiwepo." Na upande wa pili, aliyekuwa nacho alikuwa amejiaminisha kwamba anacho kwa kuwa yeye ni bora. Wivu na majivuno vililishana mpaka mapanga yakatoka.

Kipimo cha kutenganisha viwili hivi ni rahisi, ingawa kinauma. Jiulize: yule mtu akipoteza alichonacho, na mimi nisipate chochote, nitafurahi? Anayetaka haki atajibu hapana, maana shida yake haijaondoka. Anayejibu ndiyo hakuwa anatafuta haki. Mkristo wa Bunia ana kila sababu ya kuuliza leseni ya machimbo ilitolewaje, kodi ya barabara inakwenda wapi, kwa nini dhahabu inavuka kwenda Uganda na kisha Dubai huku hospitali haina dawa. Hayo ni maswali ya mtu anayewapenda watu wake. Wivu huulizia gari tu.

Wawili waliotazama kwingine

Mifano ya kuzungumza na watu wa Bunia haihitaji kutafutwa Ulaya.

Apolo Kivebulaya hakupokelewa Boga kwa maua. Alichapwa. Dada wa chifu Tabaro alipoangukia mkuki na kufa, Apolo alibebeshwa lawama, akapelekwa Toro na kufungwa. Alipoachiwa huru angeweza kurudi Buganda, ambako katika miaka ile ile Waprotestanti wenzake, waliokuwa wameshinda katika siasa, walikuwa wanagawana vyeo na ardhi. Ndugu zake katika imani walikuwa wananenepa. Yeye akarudi Boga. Alipewa upadre mwaka 1903, akaishi bila mke, na vilivyomfikia mkononi aliviachia wengine. Kabla ya kufa, tarehe 30 Mei 1933, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao Injili ilikuwa haijafika, badala ya mashariki kwao alikozaliwa. Mtu anayepanga hata kaburi lake kwa kuwawazia wasiofikiwa hana muda wa kuhesabu mashamba ya wenzake wa Buganda.

Wa pili ni kijana wa juzi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akajiunga na jumuiya ya Sant'Egidio na kushughulika na watoto wa mtaani. Alipata kazi katika ofisi ya taifa ya ukaguzi wa bidhaa, OCC. Kila Mkongomani anajua maana ya kazi kama hiyo: mwaka mmoja kiwanja, wa pili nyumba. Mwaka 2007 kulikuwa na shehena ya chakula kilichoharibika iliyotakiwa kuingia mjini. Aliahidiwa fedha, akakataa. Akabanwa na wakubwa, akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Julai aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri. Ibada ilifanyika Roma, wakati Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari mwaka huo.

Wenzake wa ofisini walikuwa wakijenga. Naye aliwaona, hakuwa kipofu. Ila masimulizi ya waliomfahamu yanaonyesha alichokuwa akikitazama: mtu wa mwisho, yule atakayenunua kilo ya chakula kile na kumpikia mwanawe. Mla rushwa humtazama mwenzake aliyemtangulia kujenga. Bwana Chui alimtazama mlaji. Asafu pia, kabla hata ya kuingia patakatifu, alizuiwa na wazo la watoto. Apolo alitazama msituni. Wote watatu walijua vizuri nani ana nini. Hawakuokolewa na kujifanya hawaoni; waliokolewa na kumwona mtu mwingine aliyewahitaji zaidi ya vile walivyoihitaji nyumba ya jirani.

Ndiyo maana shauri la "usiangalie vya watu" halisaidii sana. Bunia utafumbaje macho? Barabara kuu ni moja na magari yanapita hapo hapo. Macho lazima yatazame kitu, na imani inampa mtu cha kutazama.

Nyumbani na madhabahuni

Basi mwalimu wetu afanye nini Jumatatu?

Kwanza, aruhusiwe kusema. Kanisa lenye ushuhuda wa waliopata pekee linawafundisha waliokosa kusema uongo. Wazee wasikie mtu akisimama katikati ya mkesha na kusema, "Ndugu zangu, nilimtamania fulani wiki hii, niombeeni," bila kugeuzwa mfano wa imani haba.

Pili, ajifunze kwa asiyesali bila kuona haya. Daftari la madeni si dhambi. Kuwahi soko si dhambi. Yule anayelipa vibarua kwa wakati anamshinda mzee wa kanisa anayekopa katika upatu wa likelemba na kukimbia zamu yake ya kulipa. Kumsifu mtu kwa jema lake huupunguza wivu kuliko kuunyamazia, na kumwombea baraka kwa jina, bila kuchomekea ombi la aanguke, huupunguza zaidi.

Tatu, amwambie mtoto ukweli. Mtoto akiuliza kwa nini baba hakula fedha za shule kama wengine, asijibiwe kwamba wale wataungua. Aambiwe fedha zile zilikuwa madawati ya nani, na jina la mtoto ambaye angekaa chini. Hilo mtoto wa miaka tisa analielewa, na atalikumbuka atakapokuwa na ufunguo wa ofisi.

Lakini kazi kubwa zaidi ni ya viongozi. PDG anapoleta mifuko hamsini ya saruji, viti vya mbele hupanguswa, na mchungaji husahau kuuliza vijana wa shimo lile walizikwa wapi lilipoporomoka na wajane wao walipewa nini. Yakobo alishalikataza hilo la viti. Waumini wanaona. Wanajifunza nini hasa kinaheshimiwa hapa, kisha tunashangaa wakiwaonea wivu wenye saruji. Kanisa linalowapa matajiri heshima bila maswali limewafundisha maskini kutamani, na haliwezi kuwakemea kwa kutamani.

Lipo na jambo ambalo mahubiri ya mafanikio hayawezi kuligusa. Habakuki alizungumza juu ya shamba lisilotoa chakula na zizi lisilo na ng'ombe, akasema hata hivyo atamfurahia Bwana. Kwa wengi duniani hayo ni maneno ya kishairi. Kwa aliyekimbia Djugu ni taarifa ya habari: mazizi yameporwa, mashamba hayaendeki, na makazi ni hema la turubai. Maombi nayo hayakuwa ngao. Julai 2025 huko Komanda, kusini-magharibi mwa Bunia, waumini waliokuwa kwenye mkesha parokiani walivamiwa na waasi wa ADF, na zaidi ya 40 wakauawa. Baada ya hapo, bado kuna watu walioamka Jumapili iliyofuata, wakavaa, wakaenda kusali. Hawakwenda kudai faida, maana faida walishaiona haipo. Walikwenda kwa sababu Mungu huyo ni wao.

Hao ndio walimu wa somo hili, na ndio wawe mizani ya mimbari zetu. Kama mahubiri ya kesho juu ya mali na baraka hayawezi kusemwa mbele yao bila kuwaaibisha, yasihubiriwe kabisa.